Mume, Mke na Huntha: Habari za Majina katika Milango ya Rufiji

Mto Rufiji, ukishaipita Utete na kuyaacha nyuma mabonde ya mpunga, hauingii baharini kwa mlango mmoja kama ifanyavyo mito midogo ya pwani, bali hujigawa mikono mingi mkabala wa kisiwa cha Mafia, na baina ya mikono hiyo umeota msitu wa mikoko upatao hektari 53,000, ambao hakuna mwingine wa namna yake ulio mkubwa kuliko huo katika Afrika ya Mashariki. Katika visiwa vya msitu huo hukaa Wanyagatwa. Juu yake, katika ardhi ya mchanga ya Kibiti, hukaa Wandengereko. Kandokando ya mto hukaa watu waitwao Warufiji. Na kusini, pale vilima vinapoanza kuinuka, ni mwanzo wa nchi ya Wamatumbi. Nao aghalabu ni Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafii, wala hawajaziacha kwa ajili ya dini hiyo ada zote walizozikuta kwa mababu. Makala haya yanataka kusimulia jambo moja tu la watu hao na majirani zao: namna walivyoamua, zama baada ya zama, nani aitwe mume, nani aitwe mke, na atendewe nini yule ambaye hakuna jina katika hayo mawili lililomkaa sawasawa.

Lugha yenyewe ni shahidi dhaifu katika shauri hili. Kiswahili hakina kiwakilishi cha mume wala cha mke, na ajaye husemwa kuwa anakuja, awe bwana au bibi. Na Kindengereko, ambacho Eva-Marie Ström alikiandikia maelezo marefu ya sarufi katika Chuo Kikuu cha Gothenburg mwaka 2013, kimo katika kawaida ile ile ya lugha za Kibantu ya kugawa majina kwa ngeli pasipo kuuliza jinsi. Bibi Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, mtaalamu wa Kinigeria, katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, alishika hoja kwamba Wayoruba, ambao lugha yao nao haina mgawanyo huo, hawakuwa na kundi la watu lililoitwa wanawake kabla ya kuja Wazungu, kwa sababu wao walipanga watu kwa umri na wala si kwa maumbile. Kama hoja hiyo ni sahihi kwa Wayoruba, wenyewe wanayo haki ya kuijadili, na wameijadili kwa ukali. Walakini ikiletwa Rufiji haisimami, kwani yale ambayo ulimi uliacha kuyagawa yaligawanywa na nyumba, na msikiti, na mtumbwi, na shamba, tena kwa ukamilifu ambao Mfaransa mwenye viwakilishi vyake viwili angeustaajabia.

Kukata boriti ilikuwa kazi ya waume. Waliingia katika mikono ya mto, wakakata mkoko na msindi na mkandaa kwa shoka, wakaziburuta boriti topeni hata zikafika mashuani, na mashua zikazipeleka kwenye mabumu yaliyokuja na kaskazi kutoka Kuwait na Oman na bandari nyingine za Ghuba. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika bumu la Wakuwait, aliifikia delta hii mwaka 1939 na baadaye akaiandika biashara hiyo kitabuni. Wake walisuka ukili na mikeka iliyoipatia Rufiji sifa katika pwani yote, wakatanda uduvi kwa nguo katika maji madogo, wakapanda mpunga na kuupalilia. Na mpunga ulipoanza kuzaa, watu wa nyumba nzima walihamia katika madungu, yaani vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili waulinde na ndege na nguruwe. Kuulinda na nguruwe usiku ilihesabiwa kuwa deni la mume. Thaddeus Sunseri, mwanahistoria wa Marekani, ameonyesha kwamba katika Uzaramo, nchi iliyo jirani na Kibiti kwa upande wa kaskazini, waume walipoondolewa kwenda katika kazi za Wadachi, nguruwe wakayala mashamba na wake wakaachiwa deni lisilokuwa lao, na kwamba manung'uniko ya wake hao yamo miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Nayaeleza haya kwa sababu katika maneno ya wakulima hao jina la mume halikuwa sifa ya mwili tu. Lilikuwa wajibu, na asiyeutimiza wajibu aliulizwa hadharani kama yeye ni mume kweli.

Tena lile neno la zamani, -ume, na mwenzake -ke, yalitumika mahali ambapo maumbile hayana kazi. Mkono wa kulia ni mkono wa kuume, na wazee waliuita wa kushoto mkono wa kuke. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, naye babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, na huyo mtoto wa miaka minne hujua vyema kwamba ana mchumba mwenye mvi, na kwamba jina hilo linampa ruhusa ya utani asiyoweza kuwa nayo kwa baba yake. Mama humwita mwanawe wa kiume baba, na wa kike mama, hasa akiwa amepewa jina la mzee aliyefariki. Hata ufalme haukuuliza: Mwana Khadija alitawala Pate tangu 1764 hata 1773, na neno mfalme halikuhitaji kubadilishwa mwisho wake ili limkubali yeye. Basi mtu anayetaka kusema kwamba majina haya siku zote yamekuwa na maana moja iliyo wazi, yaani umbile la mwili na basi, hana budi kueleza maneno hayo yote yametoka wapi. Na mtu anayetaka kusema kinyume chake, kwamba majina haya yalikuwa huru na kila mtu alijichagulia, itambidi aeleze jando na unyago.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa Dunda karibu na Bagamoyo akawa mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, alieleza habari za kutahiriwa kwa wavulana na za kuchezwa unyago kwa wasichana katika kitabu cha desturi ambacho Carl Velten alikipiga chapa huko Göttingen mwaka 1903. Na watu wa Rufiji wakisomewa kurasa hizo wataona kwamba tofauti kati ya mambo ya Mrima na mambo yao ni ya majina na nyimbo zaidi kuliko ya msingi. Kijana wa kiume alipelekwa kumbini, mbali na mji, ngariba akafanya kazi yake, na manyakanga na makungwi wakamfunza mpaka kidonda kikapona. Msichana aliyevunja ungo alitiwa ndani, na zamani kukaa kwake ndani kuliweza kuendelea miezi mingi, hata mwaka na zaidi, jua lisimwone, akifunzwa na somo wake namna ya kuuhifadhi mwili, kuzungumza na wakwe, kunyamaza panapotakiwa kunyamaza, na mambo ya unyumba ambayo si ya kuandikwa hapa. Na mtoto huyo, wa kumbini au wa ndani, wakati wote ule aliitwa kwa jina moja: mwali.

Jambo hili halikupewa uzito unaostahili. Watu waliokuwa makini kupita kiasi katika kumtenga mume na mke, hata mafunzo ya huyu yakawa siri kwa yule na kuyafichua likawa kosa la kutozwa fidia, walimweka mtoto kwanza mahali ambapo jina lake halikutenga. Mwali si mtoto tena, wala bado si mtu mzima. Na hatoki humo kwa kukua, kwa maana mwili umekwisha kukua bila ya kuomba ruhusa ya mtu, bali hutoka kwa kutolewa. Aliyezaliwa na umbile la kiume akazeeka bila ya kupita jandoni aliitwa mtoto, na neno lake barazani likawa kama la mtoto, na wala hapakuwa na aliyedai kwamba umbile lake lina shaka. Simone de Beauvoir alipoandika mwaka 1949 kwamba mtu hazaliwi mwanamke bali huwa mwanamke, Wafaransa walilipokea neno hilo kama tangazo la vita; nadhani makungwi wa Kibiti wangelipokea kama maelezo ya kazi yao, kisha wangemwuliza bibi huyo, kwa adabu, mafundi wa kazi hiyo katika nchi yake ni kina nani, na wanalipwa nini.

Kwa majirani wa kaskazini, Wazaramo na Wakwere na Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mwali aliyetiwa ndani alipewa kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti, akakitunza, akakipaka mafuta, kama atakavyomtunza mwanawe. Kinyago hicho hakina mikono wala miguu. Kina matiti madogo, nacho ni cha kike kwa jina na kwa kazi. Lakini kiwiliwili chake ni gogo la duara lililosimama wima, na wataalamu wengi wa sanaa waliokitazama wamesema kwamba umbo lake zima ni la uume. Sioni sababu ya kushangaa sana. Watu waliomfunza msichana kuwa mke kwa kumpa mkononi kitu chenye pande zote mbili walikuwa wanajua walifanyalo, wala hawakulazimika kulitungia kitabu.

Mbali na kumbi na ndani, palikuwa na mahali pa tatu ambapo majina yaliweza kubadilika, napo ni penye ngoma ya pepo. Nitapapita upesi, kwa kuwa habari zilizoandikwa kwa uangalifu zinatoka Unguja zaidi kuliko Rufiji. Kjersti Larsen, mtaalamu wa Norway, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameeleza pepo wa kibuki, ambao asili yao husemwa ni Bukini, yaani Madagaska, na jinsi mwanamke apandwapo na pepo wa kiume huvaa nguo za pepo huyo, hunywa brandi ambayo yeye mwenyewe haigusi, na waliohudhuria humwamkia pepo kwa heshima ya bwana, si kwa jina la yule mwenye mwili. Pepo akishuka, bibi huyo hurejea kwa mumewe na watoto wake, wala hapana anayemdai maelezo. Kitu cha kuangaliwa ni kwamba waliohudhuria humwita aliyepo, na kwao aliyepo si lazima awe yule mwili unaomwonyesha.

Ama sasa tuwageukie maulamaa, maana hao, katika mambo haya, ndio waliofikiri kwa utaratibu uliokamilika kuliko wote waliowahi kukaa katika pwani hii, na ni hasara kwetu kwamba wanafalsafa wa siku hizi hawawasomi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ndiye mwandishi wa Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa fikihi wa madhehebu ya Shafii wamekisoma toka Lamu hata Kilwa na visiwani. Na humo, kama katika vitabu vingine vya madhehebu, imo habari ya huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ya pande zote mbili, au asiye na umbile la wazi. Mafakihi hawakumwita ajabu wala laana. Walimchukua kuwa mja wa Mwenyezi Mungu kama waja wengine, mwenye kuwajibika kusali na kufunga, mwenye haki ya kurithi, na kwa hiyo mwenye haki ya kujibiwa maswali yake. Na dalili za kumtambua walizipanga kwa daraja, kwanza njia ya haja ndogo, kisha hedhi na manii, na dalili hizo zikikosekana au zikigongana, akishabaleghe huulizwa mwenyewe tabia yake inamwelekeza kwa waume au kwa wake, na asemalo hukubaliwa, na akishalisema hawezi kulirudi.

Na kama hata hapo hapakubainika, aliitwa huntha mushkili, na mushkili maana yake ni kwamba shauri lake ni zito. Wala mafakihi hawakuona haya kuacha shauri katika uzito wake. Walipouendea msikiti walimweka nyuma ya waume na watoto wa kiume na mbele ya wake, na wakamwamuru ajisitiri katika sala kama mke. Asiwasalishe waume, kwa kuwa huenda ni mke, wala asimsalishe huntha mwenzake, kwa kuwa huenda yeye ni mke na yule ni mume. Lakini wake aweza kuwasalisha, kwa kuwa awe alivyo, sala yao ni sahihi. Haya yote ni ihtiyati, yaani tahadhari. Hawakusema yeye ni nini; walisema, katika jambo hili, yakini ni ipi.

Katika mirathi ndipo fikira yao inapoonekana kwa hesabu. Tuseme mzee wa Mbwera amekufa akaacha minazi 60 na warithi wawili tu, mwana wa kiume na mtoto huntha. Huntha akiwa mume, kila mmoja ana minazi 30. Akiwa mke, ndugu yake ana 40 naye ana 20. Wahanafi wangempa huntha fungu lililo dogo na kumaliza kazi. Mashafii hawakuridhika na hilo, kwa sababu kumpa ndugu minazi 40 ni kukata shauri kwamba huntha ni mke, na shauri hilo halikukatwa. Basi humpa kila mmoja kile ambacho ni chake kwa yakini, huntha 20 na ndugu yake 30, na minazi 10 iliyobaki husimamishwa, si ya huyu wala ya yule, mpaka hali ibainike au wenyewe wasuluhiane. Mimi sijaona katika falsafa yoyote, ya mashariki au ya magharibi, namna iliyo bora kuliko hiyo ya kukiri kwamba hujui pasipo kumnyima mtu chakula chake.

Yatupasa hata hivyo tusiwaongezee mafakihi maneno ambayo hawakuyasema. Huntha wao ni mwenye umbile la shaka; na mtu ambaye mwili wake haukumtia mkunga shaka yoyote, naye moyoni akajijua kuwa kinyume cha alivyoitwa, hakumo katika mlango huo. Yeye alitazamwa katika mlango wa mukhannathi, na hapo Nawawi huyo huyo, katika sherehe yake ya hadithi za Muslim, aliwagawa watu wa namna hiyo makundi mawili: wa kwanza ni yule aliyeumbwa hivyo, ambaye sauti yake, na mwendo wake, na hulka yake ni za kike pasipo kujilazimisha, naye hana lawama wala dhambi kwa hali hiyo, kwa kuwa ana udhuru, wa pili ni yule ajitiaye, na huyo ndiye aliyelaaniwa katika hadithi. Mgawanyo huo ulishuka ukawa wa watu wote. Mwaka 1899 Michael Haberlandt wa Vienna alichapisha katika jarida la Kijerumani maelezo mafupi kuhusu watu wa Unguja walioitwa mke-si-mume, na ingawa maelezo yake yamejaa dharau ya zama zake, aliandika jambo moja la thamani, kwamba wenyeji waliwapambanua waliozaliwa hivyo na waliojitia baadaye, na ile hali ya kuzaliwa nayo waliiita amri ya Mungu. Majina mengine yaliyotumika katika pwani kwa watu hao yamekwisha kuwa matusi, na nayaacha.

Zile boriti za Rufiji zilizoezeka nyumba za Ghuba zilitangulia kuunganisha nchi hizi, na hoja zikafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1977 Unni Wikan, mtaalamu wa Norway aliyekaa Sohar katika pwani ya Oman, aliandika juu ya watu waitwao hanithi huko, waume kwa kuzaliwa na kwa jina, waliovaa kanzu zenye rangi zisizokuwa za waume wala za wake, waliokaa na wake arusini na kuwaona nyuso zao, na ambao mmoja wao akioa na ndoa ikathibiti huweza kurejea katika heshima ya mume. Naye akahitimisha kwamba hapo pana jinsia ya tatu. Gill Shepherd, aliyeijua Mombasa, alimpinga mwaka uliofuata katika jarida lile lile, na miaka tisa baadaye akafafanua kwamba katika pwani ya Waswahili mtu hubaki katika jinsi ya mwili wake hata matendo yake yawe vipi, na kwamba mambo ya cheo na mali yana nguvu kuliko watu wa nje wanavyodhani. Nionavyo mimi, kila mmoja wao alikuwa na haki katika swali lake. Wikan aliuliza nani huingia uani kwa wake, na jibu lilikuwa la tatu. Shepherd aliuliza mtu huyo huitwa nani, hurithi nini, na huzikwa kama nani, na jibu likawa moja kati ya yale mawili. Walibishana kana kwamba waliulizwa swali moja.

Dola nayo ilikuwa na swali lake, nalo lilikuwa la fedha. Wadachi walileta kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza mwaka 1922 wakaiunganisha na kodi ya kichwa juu ya kila mwanamume mwenye nguvu aliyekwisha kufika umri. Hivyo kwa karani wa Utete mume akawa mtu mwenye stakabadhi, na kijana ambaye mji wake ulimwita mwali aliweza kuwa mwanamume daftarini kabla ya kuwa mwanamume nyumbani. Baada ya uhuru, Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 iliwahamisha watu wa bondeni kwenda katika vijiji vya juu, mbali na madungu yao, na Azimio la Musoma la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto, na mwali aliyepaswa kukaa ndani mwaka mzima akawa hana nafasi ila likizo. Ngoma bado zinapigwa Kibiti, hasa baada ya mavuno. Ila mafunzo yamefupishwa, na baadhi ya mambo yaliyokuwa ya miezi sasa ni ya siku chache.

Katika zama hizo hizo likaja neno jipya, jinsia. Wazee walilitumia jinsi kwa maana ya namna, kama vile mtu husema jinsi gani. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na Waarabu nao walilipata kwa Wayunani. Katika miaka ya 1990, hasa tangu Mkutano wa Beijing wa 1995 ambao katibu mkuu wake alikuwa Bibi Gertrude Mongella wa Tanzania, wataalamu wetu walizoea kuita umbile jinsi, na yale ambayo jamii huyajenga juu ya umbile wakayaita jinsia; na mwaka 2000 Katiba ilirekebishwa ili neno jinsia liingie katika orodha ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo katika ibara ya 13. Huo ni mgawanyo wenye manufaa, na sikusudii kuudharau. Lakini makungwi walikuwa wamekwisha kuugawa muda mrefu kabla yake, nao waliugawa kwa vitendo. Na katika fomu za zahanati na shule herufi zimebaki zile zile, Me na Ke.

Wanafalsafa wa Ulaya na Marekani wa karne hii wamelirudia swali la maana ya majina haya kwa bidii kubwa. Sally Haslanger, mwaka 2000, alisema tusiulize neno mwanamke lina maana gani kana kwamba maana imelala mahali inatungoja, bali tuulize tunalitaka neno hilo kwa kazi ipi. Na kwa kazi ya kupigana na dhuluma, akasema, mwanamke ni yule ambaye jamii inamweka chini kwa sababu inamdhania kuwa na umbile la kike. Katharine Jenkins, mwaka 2016, alimjibu kwamba maana hiyo inamtupa nje mwanamke ambaye mkunga alimwandika mume na ambaye bado watu hawamwoni kuwa mwanamke. Akapendekeza maana mbili zikae pamoja, moja ya nafasi ambayo watu wamempa mtu, na nyingine ya ramani iliyo ndani yake, inayomwongoza apite katika jamii kama wapitavyo wake au waume. Nikiisoma hoja hiyo nakumbuka mafunzo ya ndani, kwa kuwa somo hafanyi jingine ila kumchorea mwali ramani kama hiyo. Na swali gumu, ambalo Jenkins amelifungua na unyago haukupata kulijibu, ni la yule ambaye ramani aliyo nayo si ile aliyochorewa. Huyo kumbi lilimfunza uume, naye akatoka na kitu kingine. Waliomzunguka walimwita amri ya Mungu walipokuwa wema, na walipokuwa hawana wema walimwita kwa yale majina niliyoyaacha.

Wapo wasemao kwamba kuwa na majibu zaidi ya moja ni kukimbia swali. Sikubaliani nao. Fakihi aliyemweka huntha katika safu ya kati msikitini, akamsitiri kama mke, akampa minazi 20, akaisimamisha 10, hakukimbia; alitambua kwamba safu, na sitara, na mirathi ni mashauri mbalimbali, kila moja lina hakimu wake na dalili zake, na kwamba jawabu la moja haliwezi kubebwa likawekwa juu ya jingine bila ya kumdhulumu mtu. Fomu ya leo hukusanya mashauri yote hayo katika kisanduku kimoja, kisha hudai kwamba haikuhukumu kitu, imeandika tu.

Huko Kenya jambo hili lilifika mahakamani. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2009 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambaye mahakama ilimwita Mtoto A ili kumhifadhi, aliandikiwa na madaktari alama ya kuuliza mahali pa jinsi, na kwa alama hiyo hakupata cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2014 Jaji Isaac Lenaola aliiagiza serikali itaje chombo kitakachokusanya habari za watu wa hali hiyo na kupendekeza sheria itakayowalinda. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,524 wa jinsia mbili, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja kwa jina. Mwaka ule ule wa 2014 mahakama hiyo ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke ambaye alipozaliwa aliandikwa mume, cheti chenye jina lake jipya na kisichokuwa na alama ya jinsi; baraza lilikuwa limekataa, na katika hukumu ilionekana kwamba hapakuwa na sheria iliyolilazimisha kuiweka alama hiyo katika cheti cha mtihani.